Zana Zilale Wapi? Ulinganisho kwa Fundi wa Malindi Mwenye Gari

Kama pesa uliyonayo ni ya kitu kimoja tu, usianze na traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Anza na mahali pa zana kulala. Traka ni nzuri na nitaifikia, ila inalinda gari, na mwizi anayemwinda fundi hapa Malindi mara nyingi hana haja na gari. Anataka drili, grainda, mashine ya kuchomelea, roli la waya. Gari lina namba, lina logbuku, na likitoka mjini lina barabara kuu tatu za kushika: ya Gede kwenda Mombasa, ya daraja la Sabaki kwenda Garsen, na ya Kakuyuni kupandia Sala Gate, lango la hifadhi ya Tsavo Mashariki. Grainda inaingia kwenye kiroba cha unga, inafungwa nyuma ya bodaboda, na kabla ya adhana ya alfajiri imeshapata mwenyewe mwingine.

Mimi ni fundi wa umeme na mabomba. Somo hili nililipata Ramadhani moja, nilipoegesha Probox nje ya msikiti nikaingia tarawehe. Niliporudi, kioo cha ubavuni nyuma kilikuwa changarawe kwenye kiti. Gari lipo, redio ipo, hata tairi la akiba lipo. Kilichokwenda ni mkoba wa drili ya betri na chaja yake, grainda ndogo, na mita ya kupimia umeme. Milango yote nilikuwa nimeifunga. Asubuhi yake nilitakiwa mtaa wa Casuarina kwenye nyumba ambayo pampu ilikuwa imeungua. Nikaenda na vyombo vya kuazima, na kwa wiki tatu nikawa fundi wa kuombaomba. Kioo nilikilipa siku moja kikaisha. Kuazima ndiko kulikonigharimu, maana mteja akikuona unatafuta bisibisi ya mwenzio anaanza kutilia shaka hata kazi ya mkono wako.

Tangu siku hiyo kila kinga ninayoletewa naipima kwa mambo mawili: inamchelewesha mtu dakika ngapi, na inamlazimisha kupiga kelele kiasi gani. Kioo cha gari ni sekunde tano na kelele ya sahani kuvunjika. Hicho ndicho kiwango cha chini, na ndicho ambacho wengi wetu tumeridhika nacho.

Gari lenyewe

Probox imetapakaa kwa mafundi kwa sababu zinazojulikana: mafuta kidogo, spea kila duka, na ile ya mizigo imeundwa kubeba kilo 400 pamoja na watu wawili. Udhaifu wake ni vioo. Nyuma yote ni kioo, na mpita njia anaona mali yako moja baada ya nyingine. Buti lake hufunguka kwenda juu, kwa hiyo ukirudi nyuma hadi karibu kugusa ukuta halifunguki, lakini mwenye jiwe hana haja na buti. Wengine hubandika tinti. Mchana inasaidia; usiku mtu akikandamiza tochi ya simu kwenye kioo anaona kila kitu. Dawa ya Probox ni wavu: fremu ya engo (chuma cha pembe) nyepesi, wavu wa chuma wa matundu madogo, vikazwe kwa bolti kwenye bodi kwa ndani. Kioo kitavunjwa, mkono utaingia, lakini mkoba hautapita.

Vani iliyozibwa, TownAce au HiAce ya mizigo, haionyeshi kitu. Hiyo ni faida kubwa, na watu huishia hapo. Lakini vani likishafunguliwa linamficha mwizi vilevile lilivyokuwa likikuficha wewe: anaingia, anavuta mlango, anachagua kwa utulivu. Ndiyo maana vani linahitaji kufuli la pili kwa nje, tumbuu nzito (chuma cha kutundikia kufuli) kwenye mlango wa nyuma na nyingine kwenye mlango wa kuburura, juu ya kitasa cha kiwandani. Ukiegesha, mlango wa kuburura uangalie ukuta, na wa nyuma uangalie mahali penye taa na watu.

Pikapu na tuktuk ya mizigo hazina pa kuficha kitu, na kwa hilo wenye nazo hawajidanganyi. Sijaona fundi wa tuktuk akilaza drili ndani ya tuktuk. Sisi wenye milango ndio tunaolala tukidhani tumefunga.

Kwa hiyo nikiulizwa gari gani, nasema: mwenye mkoba mmoja wa zana na kazi za kuzunguka mjini, Probox yenye wavu inatosha, na wavu utakugharimu kidogo sana kuliko tofauti ya bei ya gari. Mwenye mashine ya kuchomelea, jenereta na mabomba marefu, vani.

Usiku ndio wenyewe

Zana ziko mikononi mwako kwa muda wa saa nane au tisa kwa siku. Saa zilizobaki kati ya 24, zana ziko mahali ulipoziacha. Hapa fundi ana njia nne, na tofauti zake ni kubwa kuliko tofauti ya gari na gari.

Kulaza ndani ya gari hakuna gharama, hakuvunji mgongo, na asubuhi unawasha unaondoka. Ndiyo njia niliyoitumia miaka yote kabla ya ile tarawehe. Naikubali pale tu mambo mawili yanapokutana: gari liko ndani ya ua unaofungwa lango, na ndani ya gari kuna sanduku la chuma lililokazwa sakafuni. Kimoja bila kingine hakitoshi. Ua bila sanduku maana yake mtu akishapanda ukuta ana usiku mzima. Sanduku bila ua maana yake gari zima linaweza kusukumwa hadi mahali pa giza likafanyiwa kazi huko.

Kulaza nyumbani ni kinga kali kwa sababu watu wamelala humo na macho yao. Lakini tuseme ukweli kuhusu nyumba zetu. Fundi anayekodi chumba kimoja Maweni au Kisumu Ndogo, mwenye mke na watoto, ataweka wapi mashine ya kuchomelea? Na jenereta haifai kabisa kulala na watu. Tangi lina petroli, mvuke wake hujaa chumba kilichofungwa, na jiko au kiberiti kiko hatua mbili. Vivyo hivyo mtungi wa gesi ya kuchomelea. Kuna la tatu: kila magharibi mtaa mzima unakuona ukishusha vyombo, na kila asubuhi unakuona ukipakia. Nyumbani naona panafaa vitu vidogo vya thamani, yaani drili, mita, betri, leza ya kupimia. Mkoba mmoja, mkono mmoja, unaingia nao kama unavyoingia na mkate.

Stoo ya saiti ndiyo iliyowaliza mafundi wengi kuliko njia nyingine zote, na wanairudia kwa sababu kubeba kila siku kunachosha. Itazame stoo yenyewe: mabati yamegongwa kwa misumari kwenye mbao za mkorosho au mkaratusi. Msumari wa bati hutoka kwa upande wa nyuma wa nyundo, bila kelele ya maana, na kufuli mlangoni likabaki salama kama lilivyo. Ufunguo anao msimamizi, nakala anayo mlinzi, na kijana wa saruji anajua unapowekwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye saiti sijawahi kusikia zana zimechukuliwa na mtu asiyejua ziko kona gani.

Tena sisi tuna msimu wetu. Masika yakianza Aprili, wageni wakienda zao, hoteli na nyumba za ufukweni hufungwa, na ndipo kazi za ukarabati zinapotujia, tumalize kabla ya watu kuanza kurudi Julai. Ni miezi ya riziki kwetu. Lakini ni miezi ambayo nyumba ya kulia haina mtu, ya kushoto haina mtu, mvua inapiga mabati na kelele zote zinamezwa. Saiti hiyohiyo iliyokuwa salama Desemba si salama Mei. Mimi saitini huacha ngazi, toroli, ndoo na vyuma vya jukwaa. Chenye mota au betri hakilali huko. Nyumba ikiwa na chumba kilichokwisha kupata mlango wa mbao ngumu na dirisha la vyuma, mwombe mteja hicho, kibanda cha mabati kibaki cha saruji. Umwandikie kwenye simu kabla ya kazi: zana zikilala kwako, ufunguo uko kwa nani? Jibu lake la maandishi litakufaa siku ya mzozo kuliko mashahidi watatu.

Njia ya nne ndiyo niliyoishia: chumba cha pamoja. Tuko wanne, tumekodi chumba kisicho na dirisha nyuma ya safu ya maduka ambayo tayari ina mlinzi wa usiku. Kodi ikigawanywa kwa wanne ni nyepesi, mlango ni wa chuma, na gari naliacha nyumbani tupu, mlango wa buti nimeufungua kidogo makusudi ili anayechungulia aone sakafu. Ugumu wake ni watu. Tumejifunza mambo machache. Kila mmoja awe wa fani yake. Mimi umeme na maji, mwingine wa alumini, mwingine seremala, mwingine wa rangi, hivyo hakuna anayechukua randa ya mwenzake kwa bahati mbaya. Kila mmoja ana sanduku lake lenye kufuli lake ndani ya chumba hichohicho. Mmoja akijitoa, kufuli la mlango hubadilishwa jioni hiyohiyo, hata kama ni ndugu. Hili la mwisho wengi huona haya kulifanya, na haya hiyo imewagharimu.

Kuhusu mlinzi: kampuni au mzee wa mtaa? Tangu sheria ya usalama wa kibinafsi ya 2016, makampuni ya ulinzi na walinzi wenyewe wanatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo kampuni unaweza kuidai karatasi na kuishtaki. Kwa nyumba kubwa yenye geti, kampuni. Kwa safu ya maduka yenye mafundi, nitamchagua mzee anayekesha na birika lake la kahawa, anayejua sauti ya kila gari letu, mradi maduka yote yanachangia na mshahara wake haucheleweshwi. Mlinzi ambaye hajalipwa miezi miwili hana sababu ya kukesha.

Sanduku la chuma

Waliobaki na njia ya gari, sanduku ni lazima, na fundi wa kuchomelea wa hapa mjini atalitengeneza vizuri ukimwambia unachotaka. Ubishi huwa ni unene wa bamba: milimita mbili au tatu. Piga hesabu. Bamba la milimita mbili lina uzito wa karibu kilo 16 kwa mita ya mraba, la milimita tatu karibu 24. Sanduku la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 linahitaji bamba la karibu mita tatu za mraba, basi hilo la milimita mbili litafika kilo 46 hivi na la tatu kilo 68, kabla ya engo na bawaba. Kwenye Probox ya kilo 400 mimi huchukua la milimita mbili. Uzito wa ziada nauweka kwenye zana. Kwenye vani, la tatu.

Lakini masanduku mengi niliyoyaona yamefunguliwa hayakushindwa kwenye bamba. Yalishindwa kwenye bawaba zilizowekwa nje, pini ikagongwa ikatoka. Au kwenye tumbuu iliyokazwa kwa bolti ambazo kichwa chake kinashikika kwa spana. Bawaba ziwe ndani. Tumbuu ichomelewe, na ikiwa ni ya bolti, vichwa viwe mviringo na nati zichomelewe kwa ndani. Sanduku likazwe sakafuni kwa bolti nne zinazofikiwa tu mfuniko ukiwa wazi. Na kufuli lijengewe nyumba yake, kipande cha bomba nene au kikasha cha bamba kinacholizunguka, mkono wenye ufunguo upite kwa chini, mkasi wa kukatia nondo usipate pa kuuma. Milango ya maduka yetu imejengwa hivyo. Sijui kwa nini magari yetu tunayanyima.

Kufuli na hewa ya chumvi

Hapa ushauri wa mtu wa Nairobi haukufai. Kufuli analolisifu yeye, sisi upepo wa kusi ukivuma miezi miwili limeota kutu, ufunguo hauingii, na fundi aliyechelewa kazini anaamua kuliacha wazi "leo tu". Kufuli lililokwama linafungua mlango kwa wezi sawa na kufuli bovu.

Kuna aina tatu unazozikuta madukani. La kwanza ni la vipande vya chuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Lina mwili mgumu na bei nzuri, lakini chumvi huingia kati ya tabaka na kulila kwa ndani. Ufukweni silipendekezi, hata lile la jina kubwa.

La pili ni la mwili wa shaba nyeupe, ile inayong'aa manjano kama njumu za milango ya kale. Mwili huo haushiki kutu. Angalia upinde wake wa juu: ukiwa wa stenlesi, hautashika kutu kwa urahisi ila ni laini kidogo kwa mkasi, ukiwa wa chuma kilichotiwa ugumu na kupakwa kromu, ni mgumu ila siku kromu ikichubuka kutu itaanzia hapo. Hakuna unaoshinda pande zote. Kwa kufuli lililo ndani ya kikasha cha chuma, ambalo mkasi haulifikii, nachagua stenlesi. Kwa kufuli lililo wazi nje, kilichotiwa ugumu, unene wa milimita 10 kwenda juu, na najua nitalibadilisha mapema.

La tatu ni la duara, ambalo upinde wake umefichwa karibu wote. Mara nyingi mwili wake ni stenlesi. Kwa mlango wa vani ndilo bora nililotumia, kwa sababu halimwachii mtu nafasi ya kuingiza mkasi, na humlazimisha kutumia grainda, na grainda usiku wa manane inaamsha mtaa. Linahitaji tumbuu inayolifaa, basi nunua vyote pamoja.

Yapo pia makufuli ya king'ora, yanayolia yakitikiswa. Mlango wa chumba yanafaa, gari hapana: gari likitikiswa na upepo au paka linalia, na baada ya usiku wa tatu hakuna jirani anayetoka. Betri zake nazo ni ndogo, na chumvi huzila miguu.

Utunzaji: usimimine oili ya injini ndani ya tundu la ufunguo. Oili hushika mchanga, na mchanga tunao. Tumia dawa ya silikoni, au unga wa risasi ya penseli ukiukwangua vizuri. Mara moja kwa mwezi, wakati wa kusi mara mbili.

Traka, swichi ya siri na vidude vya kubandika

Sasa gari lenyewe. Swichi ya siri ni waya wa pampu ya mafuta uliokatwa na kupitishwa kwenye swichi ndogo iliyofichwa. Bei ni ya mlo wa watu wawili na kazi ni ya saa moja. Mwizi anawasha, gari linagoma, hajui kwa nini, muda unakwenda. Nampa kila fundi ushauri huu kwanza. Kosa la kawaida ni kuificha chini ya usukani, mahali pa kwanza mtu anapopapasa.

Traka hupokea mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti na kukutumia kupitia laini ya simu iliyo ndani yake. Kuna ya kununua mwenyewe na kutia laini yako, na ya kampuni yenye malipo ya kila mwaka. Ya kwanza ni rahisi, lakini laini isiyotiwa salio muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, nawe utaligundua siku unayoihitaji. Jiwekee siku ya mwezi ya kuitia salio na kuijaribu. Ya pili ina watu wa kupigiwa saa nane za usiku. Kwa mji wenye barabara kuu tatu, nusu saa ya kwanza ina thamani kubwa: ukiwaambia polisi gari limeshapita Gede, wana mahali pa kulingojea. Vani la bei, nachukua ya kampuni. Probox ya miaka kumi, ya kununua mwenyewe pamoja na swichi ya siri. Iwe na betri yake ya ndani, maana mwizi mwenye akili huanza kwa kuchomoa betri ya gari. Na kama ina uwezo wa kuzima injini kwa mbali, usiitumie gari likiwa mwendoni. Injini ikizimika, usukani na breki hupoteza msaada wake, na anayegongwa barabarani anaweza kuwa mtoto wa shule.

Vidude vya kubandika kwenye mkoba ni jambo jingine. AirTag ya Apple, iliyotoka 2021, haina laini wala setilaiti. Hutegemea simu za iPhone zinazopita karibu. Hapa kwetu hizo ni chache ukitoka maeneo ya hoteli. Vidude vinavyotumia mtandao wa simu za Android, ambao Google iliufungua 2024, vina simu nyingi zaidi za kutegemea kwa nchi kama yetu, ingawa kwa mpangilio wa kawaida hufanya kazi vizuri penye watu wengi na hudhoofika vichochoroni. Vyote viwili vina tabia moja ya kujua: simu humwonya mtu anayetembea na kidude kisicho chake, kwa usalama wa watu wasifuatiliwe. Kwa hiyo na mwizi ataonywa. Vinasaidia saa za mwanzo tu. Kikikuonyesha mahali, nenda na polisi, usiende na hasira na vijana wa mtaa. Kosa la nyumba moja linaweza kumuua mtu asiyehusika.

Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Katika kinga zote hii ndiyo ya bure kabisa, na ndiyo iliyonishinda mimi nilipofika kituoni. Niliulizwa namba za mashine, sikuwa nazo hata moja. Kilichoandikwa kwenye OB, daftari la matukio la polisi, ni "drili moja ya kijani", na drili za kijani Malindi ni nyingi kama minazi.

Piga picha ya kila zana siku unayoinunua: zana nzima, kibandiko cha namba, na risiti. Kibandiko hicho hufutika kwa jasho na vumbi, usingoje. Jitumie picha kwenye barua pepe, kwa sababu simu nayo huibwa. Kisha tia alama. Rangi ni rahisi na inasaidia saitini, ila hufutwa kwa tina. Kuchonga jina kwa ncha ya chuma au kalamu ya umeme ya kuchongea hakufutiki bila kuharibu mwili wa mashine, na drili iliyochubuliwa ubavuni inamshtua mnunuzi. Chonga mahali pawili, pa wazi na pa siri. Alama ikiwa kubwa na mbaya ndiyo bora. Inashusha bei sokoni, na mwizi anafuata bei.

Waya na mabomba ya shaba yana njia nyingine, huishia kwenye vyuma chakavu. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za anayemuuzia, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo yote kwa muda baada ya nyaya na vyuma vya umma kuibwa. Roli la waya ukilichoma moto ganda, alama zote zimekwisha, kwa hiyo waya haulindwi kwa alama. Nunua wa kazi ya siku hiyo, ulioubakisha lala nao.

Nasi tunaonunua vyombo vilivyotumika tudai risiti au angalau jina na kitambulisho. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14.

Bima

Bima ya mtu wa tatu ndiyo ya lazima, na haikulipi chochote ukiibiwa. Bima kubwa (comprehensive) hulipa gari, lakini zana zilizomo kwa kawaida si sehemu ya gari. Zinataka bima yake. Kabla ya kutia sahihi uliza maswali mawili: zana zikilala garini bila mtu, mnalipa? Na mnataka dalili za kuvunja? Wengi watajibu la kwanza hapana na la pili ndiyo. Kwa fundi mwenye mashine za mamilioni inafaa. Kwa mwenye mkoba mmoja, pesa ya mwaka mmoja nzuri iende kwenye sanduku.

Kazi ya Lamu

Wapo wanaopata kazi Lamu mjini au Shela, na huko gari halivuki. Unapita Garsen na Witu, unaliacha Mokowe, unapanda mashua. Gari litakaa siku tano au kumi bila wewe, mbele ya watu wanaojua umevuka. Mimi huko siachi hata spana ya magurudumu. Zana zote zinapanda mashua ndani ya mapipa ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia kwenye mota hasara ni ileile ya kuibiwa. Pazia la nyuma nalifungua, sanduku naliacha mfuniko juu, wazi kabisa, swichi ya siri nimeizima, na anayeliangalia gari namlipa nusu ninapoondoka na nusu ninaporudi.